Muhogo Mchungu wa Mara

Katika vilima vya Butiama na katika nchi ya Musoma na Bunda inayopakana na Ziwa Victoria, ulezi na mtama vilitangulia muhogo, zao la asili ya Amerika ya Kusini ambalo utawala wa Waingereza ulilihimiza, mara nyingi kwa amri, liwe kinga ya njaa, kwa kuwa hustahimili ukame na hukaa ardhini hadi lihitajiwe.

Mzizi huo ni ghala la sukari zilizoungana. Ukiondoa maji, sehemu kubwa yake ni wanga, yaani minyororo mirefu ya glukosi ambayo mmea hujiwekea akiba. Aina chungu, hata hivyo, zina pia linamarini kwa wingi, nayo ni glukosi iliyofungamana na kiini cha sianidi: sumu hutulia maadamu imeshikwa na sukari, lakini mzizi ukitafunwa au kupondwa, kimeng'enya kilichotengwa kwenye kuta za seli huikata sukari hiyo na kuiachilia sumu. Wakulima waliupenda uchungu huo, kwani wezi na wanyama huuepuka.

Ujuzi wa kuufanya muhogo huo uliwe ulikuwa udaga: mihogo iliyomenywa hufunikwa siku kadhaa hadi ilainike na kuota ukungu, kisha hupondwa na kuanikwa, seli zikavunjika, kimeng'enya kikafanya kazi yake na gesi ya sianidi ikapeperuka. Kuuita ujuzi huo mazoea tu ni kuupunja.

Gharama ya kuukatisha ilionekana mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara humohumo, pale ukame ulipowalazimu watu kula muhogo mchungu uliosindikwa harakaharaka, wakikosa vyakula vya protini vinavyoupa mwili salfa ya kuidhoofisha sianidi. Watu, hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, walipooza miguu ghafla na bila kupona. Ugonjwa huo ni konzo, ambao daktari Trolli aliueleza huko Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938.

Baadaye Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alipendekeza unga wa muhogo ulowanishwe, utandazwe kwa tabaka jembamba na uachwe kivulini kwa muda wa saa tano kabla ya kupikwa, ili kimeng'enya kilichosalia kimalizie kazi ileile ya udaga.