Chambo cha Manyoya: Nzi Asiye Nzi

Istilahi ya Kiingereza inayotaja uvuvi wa chambo cha manyoya, "fly fishing", imejengwa juu ya neno linalobeba karibu kila mdudu mdogo arukaye, ilhali nzi wa Kiswahili ni yule wa jalalani na mezani. Ndiyo maana tafsiri sisisi ya "uvuvi wa nzi" humfanya msomaji adhani kwamba nzi hai hutungwa kwenye ndoana. Kinachofungwa pale ni uzi wa hariri, unyoya wa shingo ya jogoo na manyoya ya sungura, vikazungushwa hadi vikafanana na mdudu wa majini.

Udhaifu wa jina hilo huonekana wazi katika maziwa ya milima ya Sierra Nevada, California, anamovuliwa trauti wa dhahabu, samaki ambaye kiasili aliishi katika vijito vya bonde la juu la mto Kern tu, na ambaye mwaka 1891 alipandikizwa katika maziwa ya Cottonwood, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Huko barafu hufunika maji kwa miezi mingi, na sehemu kubwa ya chakula cha trauti ni usubi wangali mabuu au mabundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na mdudu kamili. Mvuvi huwaiga kwa ndoana namba 18 au 20, kwani namba ikikua ndoana hupungua, na hapo hakuna nzi hata mmoja.

Lipo pia suala la uzito, ambalo jina hilo haligusi kabisa. Mvuvi wa pwani hutegemea chubwi, kipande cha risasi kiuvutacho mshipi. Chambo cha manyoya hakitupiki kwa wepesi wake, hivyo mshipi wenyewe hufanywa mnene na mzito, ukapeperushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu, huku nchani ukiungwa ugwe mwembamba ambao samaki hautambui kwa urahisi.

"Kuvua kwa chambo cha manyoya" ni tafsiri bora zaidi, ingawa mvuvi mkongwe atauliza ni chambo gani kisicholika. Wafungaji wengine siku hizi hutumia nyuzi za plastiki na shanga za shaba, lakini jina litastahimili, kama kalamu ya risasi isiyo na risasi ndani yake.