Amesinzia kichwa: Mahenge walisema kwanza

Jamani, kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo yameingia kwenye majarida ya kitabibu ya dunia na wengi wetu tuliosoma mpaka chuo hatuna habari: "amesinzia kichwa".

Ndivyo watu wa Mahenge, Ulanga, Morogoro, walivyouita ugonjwa wa watoto ambao kichwa kinadondoka mbele na kurudi, kinadondoka na kurudi, kama mwanafunzi anayepigana na usingizi darasani. Wengi huishia kuanguka kifafa, na akili nayo inarudi nyuma.

Aliyeyaandika ni daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960. Alikuta Wapogoro wakiogopa kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza, kwa hiyo aliyeangukia motoni angeweza kuachwa aungue. Msiwacheke. Hofu hiyo tunayo hata huku Usukumani, hapa Nkololo ninakoandikia. Mama huyu akagawa fenobabito, dawa ya bei ndogo tu, wengi wakapata nafuu, na mwaka 1965 akachapisha alichokiona.

Halafu? Kimya cha miaka mingi. Dunia ilishtuka pale watoto walipoanza kutikisa vichwa kusini mwa Sudan miaka ya 1990, kisha Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda. Huko walikadiriwa kufikia 3,000. Wapo wanaoanza kutikisa wakiona tu chakula kinaletwa.

Sasa hapa ndipo nilipovutiwa. Seli ya ubongo ina mifupa yake, ati. Si mifupa ya kalsiamu, ni mirija na nyuzi za protini zinazoshikilia umbo lake na kuwa reli ya kusafirishia mizigo ndani yake. Mwaka 1975 watafiti wa Princeton waligundua protini waliyoiita tau, inayosaidia mirija hiyo kujijenga. Zipo pia seli ziitwazo oligodendrosaiti, ambazo kazi yake ni kuuzungushia mshipa wa fahamu utando wa mafuta, mayelini, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Mwaka 2015 timu mbili zilionyesha kwamba ili utando ujizungushe, seli hubomoa kwanza nyuzi zake za aktini. Yaani kujenga na kubomoa mifupa ndiyo kazi yenyewe ya ubongo.

Mwaka 2018 Michael Pollanen wa Toronto na wenzake wa Uganda walichunguza bongo 5 za vijana waliokufa na ugonjwa huu. Wakakuta tau imejikusanya mabonge, kitu tulichozoea kusikia kwa wazee wenye Alzheimer. Kwa vijana! Mwaka uliofuata timu nyingine, ikichunguza bongo za Uganda vilevile, ikasema hapana, kinachoonekana zaidi ni uvimbe wa kinga ya mwili. Kabla ya hapo, 2017, Wamarekani walidai kinga inayopigana na minyoo ya usubi hukosea na kuishambulia leiomodini-1, protini inayohusika na nyuzi za aktini. Mifupa tena! Bado wanabishana.

Kinachorudi kila mahali ni usubi: minyoo inayoletwa na inzi weusi wadogo wa mito yenye maji ya kasi. Mimi naona tulichelewa bure. Ramani ilikuwa Mahenge tangu 1960.

Bruno Mmbando wa NIMR Tanga na wenzake walirudi huko na mwaka 2018 wakaandika kwamba baada ya miaka 20 ya kugawa ivermektini, kifafa bado kilikuwa kingi vijijini. Kuanzia 2019 dawa ikagawiwa mara mbili kwa mwaka badala ya moja. Walipohesabu tena, wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana.