Uhakiki wa Dai Katika Ankara za Matibabu za Marekani

Katika sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia mwenendo wa makampuni ya kukusanya madeni pana kifungu ambacho kichwa chake kwa Kiingereza ni "validation of debts", na kwa kuwa siku hizi wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya wamefanya maskani katika miji kama Lexington, Louisville, Columbus na Houston, na barua zinazotajwa na kifungu hicho huingia majumbani mwao pamoja na za majirani zao, imekuwa lazima istilahi hiyo ipatiwe Kiswahili chake. Tafsiri iliyo karibu na ulimi ni "uthibitisho wa deni". Haina kosa la sarufi. Lakini yampa msomaji fahamu ambayo sheria yenyewe haikuikusudia, na taksiri hiyo humdhuru mgonjwa asiyedaiwa hata senti moja.

Deni na dai ni maneno yanayokaribiana kwa sauti hata mtu akayadhania ya shina moja, ilhali kwa asili yake ya Kiarabu kila moja limetoka mahali pake: deni ni dhima iliyokwisha kumkaa mtu shingoni, na dai ni neno la anayesema kwamba ana haki kwa mwenziwe, neno ambalo laweza kuwa kweli na laweza kuwa batili mpaka ipatikane bayana. Makadhi wa pwani yetu wanaijua vyema kanuni ya fikihi kwamba bayana ni juu ya mdai na yamini ni juu ya mwenye kukana, yaani asiyetoa hujja hapewi kwa sababu tu ya kuwa amedai kwa sauti kubwa. Sheria ya Marekani haikutoka huko, lakini katika jambo hili imekaa karibu nayo, maana imesema waziwazi kwamba mtu aliyepelekewa barua ya kudaiwa akanyamaza, kunyamaza kwake hakuwezi kuchukuliwa na mahakama yoyote kuwa ni kukiri.

Basi makosa yanayozaa dai batili huingiaje? Huingia mapema, kwenye dirisha la karani wa hospitali. Wakimbizi wengi wasiokuwa na vyeti vya kuzaliwa waliandikishwa kwamba wamezaliwa tarehe 1 Januari, na majina ya Kikongo hayafuati mpango wa Kimarekani wa jina la kwanza na jina la ukoo. Kwa hiyo karani akiyageuza majina, au akalifungua faili la mtu mwengine mwenye jina la namna ile na tarehe ile ile, hesabu hupelekwa kwa bima isiyomjua mgonjwa, bima hukataa, na ankara humrudia mtu ambaye matibabu yake yalikwisha kuwa na mlipaji. Iwapo mgonjwa huyo alikuwa na Medicaid, ambayo ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na huduma aliyopata ni miongoni mwa zile zinazolipiwa nayo, hospitali iliyokubali kuipokea haina ruhusa ya kumdai baki, isipokuwa mchango mdogo uliowekwa na kanuni. Lakini ankara hiyo ikikaa miezi kadhaa bila kulipwa hukabidhiwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, ambayo haikumwona daktari wala mgonjwa, na iliyo nayo mkononi ni safu ya tarakimu na jina.

Kampuni hiyo inapoanza kumwandikia mtu, sharti ndani ya siku 5 impelekee ilani, kama haikuwamo katika barua ya kwanza. Idara ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha imetoa kielelezo cha ilani hiyo, kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021, nacho chafaa kutazamwa kwa makini. Kiasi kilichodaiwa tarehe fulani kimeandikwa mstari wa juu. Chini yake riba, kisha ada, kisha yaliyolipwa au kupunguzwa, na mwisho jumla ya leo. Sehemu ya chini ni ya kukata na kurudisha kwa posta, nayo ina visanduku vya kutia alama: hili si deni langu; kiasi si sahihi; au sababu nyengine, ambayo mtu huiandika kwa mkono wake. Pana na tarehe ya mwisho, iliyohesabiwa ili mpokeaji apate siku 30 tangu kuipokea barua.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ilani husema kwamba mtu anaweza kupinga kwa simu au kwa maandishi, na kwa kuwa simu ni nyepesi, mtu hupiga, hueleza, huambiwa kwamba maneno yake yamepokewa, na hulala akidhani amejikinga. Lakini haki ya kuilazimisha kampuni isimamishe kudai mpaka imletee karatasi ya uhakiki huja kwa maandishi tu, na yawe yamepelekwa ndani ya siku zile 30. Barua hiyo haihitaji fasaha. Yatosha kutaja nambari ya hesabu iliyo katika ilani, kusema kwamba deni lapingwa lote au sehemu yake na kwa nini, na kuomba uhakiki. Kisha kuipeleka kwa rejista yenye stakabadhi ya mpokeaji, na kuweka nakala nyumbani.

Na hiyo karatasi ya uhakiki ni kitu gani? Sheria, ijapokuwa kichwa cha kifungu kina neno moja, ndani yake hutumia neno jengine la Kiingereza, "verification", na mwaka 1999 mahakama ya rufani ya shirikisho ya mzunguko wa nne iliamua kwamba neno hilo halimtaki mkusanyaji zaidi ya kukiri kwa maandishi kuwa kiasi anachokidai ndicho kile ambacho mwenye kumtuma anasema anadai. Yaani yaweza kuja karatasi inayokariri kosa lile lile. Mswahili aliyeambiwa kwamba huo ndio "uthibitisho wa deni" ataona neno zito, neno la jambo lililokwisha kuthibitika, naye atatoa fedha. Ambaye ameambiwa kwamba ni uhakiki wa dai atajua kuwa dai limelinganishwa na daftari la aliyedai, basi. Na daftari lenyewe ndilo linaloshukiwa.

Bayana iko kwengine. Iko hospitalini, katika mchanganuo wa ankara wenye kila huduma, tarehe yake na nambari yake ya msimbo. Na iko kwa bima, katika taarifa inayoeleza ilicholipa, ilichokataa na sababu ya kukataa. Mgonjwa ana haki kwa sheria ya shirikisho kupata nakala ya kumbukumbu zake za ankara. Akiziweka karatasi hizo mbili kando ya ilani ya mkusanyaji, aghalabu kosa hujionyesha lenyewe: tarehe ambayo hakufika hospitalini, nambari ya bima ya mtu mwengine, malipo ya bima ambayo hayakuandikwa. Hapo huiandikia hospitali irekebishe hesabu na kuliondoa jina lake kwa mkusanyaji, na nakala ya barua hiyo humpelekea mkusanyaji pia.

Pana hofu moja ambayo mgeni huja nayo kutoka kwao. Aliyezoea kumwona dalali wa mahakama akifika na lori kubeba makochi na friji hudhani barua hii imetoka kwa mtu wa namna hiyo. Lakini mkusanyaji wa Marekani hana amri ya hakimu mkononi, na kwa ankara ya matibabu hawezi kuchukua mshahara wala mali ya mtu bila kwanza kumshitaki na kushinda. Mgonjwa akilipa kidogo ili asisumbuliwe, katika baadhi ya majimbo muda wa kushitakiwa waweza kuanza kuhesabiwa upya. Samansi ikija, hiyo ni karatasi nyengine kabisa, nayo sharti ijibiwe kwa tarehe iliyotajwa, hata kama dai ni batili, kwa kuwa mahakamani asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa. Ama kuharibikiwa jina kwa wakopeshaji, jambo ambalo Wakenya hulijua kwa jina la CRB, tangu mwaka 2023 mashirika ya kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, hayaonyeshi madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500, na yaliyozidi hapo hungoja mwaka mzima kabla ya kuandikwa.

Kwa hiyo nawaomba wakalimani na wafasiri wanaokaa na wazee wetu mbele ya barua hizi waandike "uhakiki wa dai", waliache neno "deni" mpaka bayana iletwe, na kabla hawajaondoka mezani waiandike pamoja nao ile barua ya kupinga, waitie tarehe, na waipeleke posta siku hiyo hiyo.