Hati Kabla ya Kukamata

Sisi tuliosoma shule za bweni katika miaka ya sitini tuliazimana vitabu vya kila aina, lakini hakuna vilivyochakaa upesi kama vya upelelezi. Kilichopendwa kuliko vyote ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58 na ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo tulimofahamiana na Bwana Msa, kiko chake mdomoni, na sahibu yake Najum. Maiti imeokotwa mahali pa mzimu, na watu wamekwisha kuamini kwamba mzimu umeua. Bwana Msa habishani nao. Huuliza tu: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani amemwona? Kwa kijana aliyelelewa kuitikia kila aambiwalo na mkubwa, maswali hayo yalikuwa elimu ya namna yake.

Ng'ambo ya bahari hadithi za aina hiyo zilikuja kuhamia ndani ya kompyuta, mashine ambayo wengine wetu huiita tarakilishi. Mwaka 1980, huko Marekani, Roberta Williams na mumewe Ken walitoa mchezo uitwao Mystery House kwa kompyuta ya nyumbani ya Apple II. Mchezaji hujikuta katika nyumba ambamo watu wanauawa mmoja baada ya mwingine, naye hana budi kumtambua muuaji. Mwaka 1982 ukafuata Deadline. Huo haukuwa na picha hata moja; ulikuwa maandishi matupu. Mchezaji ni mpelelezi aliyepewa saa kumi na mbili kuchunguza kifo cha tajiri mmoja, na ndani ya boksi la mchezo aliwekewa maelezo ya mashahidi na hata vidonge vya kuigiza, avichunguze kwa mikono yake. Tofauti na kitabu ni moja, nayo ni kubwa. Msomaji wa kitabu akisinzia, Bwana Msa ataifumbua siri bila yeye. Mchezaji akisinzia, muuaji huponyoka.

Sisi huku hatukuziona kompyuta hizo. Hazina yetu ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, pamoja na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na ile mashine ya Hazina ilikuwa imeleta hasara na usumbufu. Sitaki kuwalaumu waliokata shauri hilo; nchi yenye njaa ya dawa na vitabu hupanga mahitaji yake. Lakini sheria hiyo ilitufanya walimu tuingie utu uzima bila kuigusa mashine ambayo watoto wa kwingineko waliichezea sebuleni. Mwaka huohuo wa 1974, Muhammad Said Abdulla alitoa Siri ya Sifuri. Basi siri tulikuwa nazo, ila zilikuwa za karatasi.

Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, hata miaka ya tisini ikawa haipo. Katikati ya miaka hiyo, nikiwa mkufunzi, mpwa wangu alikuja Bagamoyo na kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiweka juu ya meza yangu ya kusahihishia. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mwaka 1985 wa kumsaka mwizi maarufu wa kike aitwaye Carmen Sandiego na genge lake. Mwizi huiba kitu cha thamani na kukimbia kutoka mji hadi mji. Mchezaji huhoji mashahidi, nao humpa dondoo: mtu yule alibadili fedha zake kuwa za nchi fulani, au alipanda ndege yenye bendera ya rangi hizi na hizi. Asiyejua jiografia hana la kufanya, ndiyo maana mchezo huo uliuzwa pamoja na kitabu kinene cha takwimu za dunia. Miongoni mwa miji yake thelathini hivi mlikuwamo Kigali na Moroni. Nilifurahi kuiona Moroni humo, maana majahazi ya pwani yetu yameijua karne nyingi.

Lakini jambo lililonivutia zaidi lilikuwa jingine. Kila kesi huanza Jumatatu asubuhi na lazima iishe Jumapili saa kumi na moja jioni. Njiani mchezaji hukusanya sifa za mhalifu: nywele zake, gari lake, anachokipenda. Sifa zikitosha kumtenga mtu mmoja na wenzake, hupewa hati ya kukamata. Ukimfikia mwizi bila hati, hata kama ndiye hasa, huenda zake nawe ukimtazama. Kuwa na haki moyoni hakutoshi. Sharti uwe na ushahidi mkononi.

Kompyuta moja haifundishi wanachuo arobaini. Kwa hiyo niliuchukua mtindo wa mchezo, nikauandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, na kesi nikaichukua hapahapa mjini. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley aliingia Bagamoyo pamoja na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Ikweta. Wissmann aliwaandalia karamu. Usiku ule Emin alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akaumia vibaya kichwani. Je, alianguka au alisukumwa?

Karibu darasa zima lilijibu kabla ya kusoma kadi: alisukumwa! Hata mshukiwa walikwisha kumpata. Nikawaambia wasome. Kadi moja ilisema kwamba macho ya Emin yalikuwa mabovu mno. Nyingine, kwamba ilikuwa usiku, katika nyumba asiyoizoea, na mvinyo ulikuwapo mezani. Nyingine, kwamba alipona, akaingia katika utumishi wa Wajerumani mwaka 1890, wala hakufa hadi Oktoba 1892, alipouawa huko Kongo. Ndipo binti mmoja akauliza: mbona walioandika habari hii ni wageni watupu? Wapishi, walinzi na wapagazi waliona nini? Katika miaka yangu yote ya kufundisha historia, sijapata swali lililonifurahisha kuliko hilo.

Muhula uleule fedha za mwanachuo mmoja zilipotea bwenini. Kabla ya chakula cha jioni kundi lilikuwa limemzunguka kijana wa jikoni, fimbo mikononi, kwa sababu tu alionekana kupita pale. Nilipofika nilimkuta kijana mmoja wa darasa langu amesimama mbele yake, akiwauliza wenzake, "Hati iko wapi?" Wengine walicheka, na waliocheka wakashusha fimbo. Fedha hazikupatikana kamwe, wala sijui hadi leo aliyezichukua. Kijana wa jikoni alirudi nyumbani kwao mzima.

Hapa simwelezi msomaji mambo ya mchezo tena. Katika nchi yetu watu wamechomwa moto barabarani kwa neno moja tu: "Mwizi!" Huko Usukumani bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa macho yao mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa meko, baada ya miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Wauaji waliona dalili, na dalili yenyewe ilikuwa ya kweli. Walichokosa ni kuuliza swali la pili.

Wazazi hulalamika kwamba michezo ya kompyuta inapoteza muda wa watoto, na ipo inayoupoteza kweli. Mimi nawaomba wautazame kwanza mchezo wenyewe. Ukimzoeza mtoto kuhoji mashahidi wawili watatu kabla ya kumtaja mkosaji, mwacheni acheze. Na pasipo umeme wala mashine, karatasi ngumu na kalamu zinatosha. Wahenga walisema subira huvuta heri. Mara nyingine heri hiyo ni uhai wa mtu asiye na kosa.