Jinsi ya kuchagua nyumba ya likizo katika visiwa vya Lamu na kuifikia salama

NA MWANDISHI WETU

FAMILIA nyingi za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huweka akiba mwaka mzima ili mwezi wa Desemba ziende kupumzika Pwani. Nyingi huishia Mombasa, Diani au Malindi, ambako gari humfikisha msafiri hadi mlangoni. Chache huvuka bahari na kukodi nyumba katika visiwa vya Lamu.

Safari ya huko ina thawabu yake, lakini haimsamehe asiyejipanga. Mtu anaweza kulipia nyumba nzuri kwa akiba ya miezi kumi na miwili, kisha ajikute yuko gatini na watoto, jua linazama, maji yamekupwa na hakuna chombo cha kumvusha.

Makala haya yanaeleza jinsi familia inayotoka mtaa wa Lucky Summer, katika eneobunge la Ruaraka, inavyoweza kuchagua nyumba ya aina hiyo na kuifikia. Kanuni kuu ni moja: chagua njia kwanza, nyumba baadaye. Picha za ufuo humvutia mtu, lakini maji ya bahari, upepo na hali ya usalama ndivyo vinavyoamua kama atalala humo.

Visiwa havifanani

Jina Lamu hutumiwa kwa mji, kisiwa na kaunti nzima. Anayetafuta nyumba hana budi kujua ni kisiwa kipi anachozungumzia.

Kisiwa cha Lamu ndicho kinachofikika kwa urahisi zaidi. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mnamo 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zimesongamana kando ya vichochoro ambamo punda hubeba mizigo. Soko, benki na Hospitali ya King Fahd zote ziko karibu.

Kilomita tatu hivi kusini mwa mji kuna kijiji cha Shela, chenye ufuo mrefu na vilima vya mchanga. Hapo ndipo penye nyumba nyingi za kukodisha wageni, na bei zake huwa juu. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna Matondoni, kijiji mashuhuri kwa uundaji wa majahazi, na upande wa kusini-magharibi kuna Kipungani, mahali patulivu panapofaa mtu anayetaka kukaa mbali na umati.

Ng'ambo ya mji kuna kisiwa cha Manda, chenye uwanja wa ndege na magofu ya Takwa. Hakina mji, hivyo anayekodi nyumba huko hutegemea mashua hata kwa kununua mkate.

Kisiwa cha Pate ni kikubwa kuliko hivyo viwili. Ndani yake mna miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, pamoja na magofu ya Shanga, ambako wanaakiolojia walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya nane. Nyumba za wageni huko ni chache na za kawaida, lakini msomaji anayependa historia hatajutia. Mbali zaidi, upande wa kaskazini-mashariki, ndipo kilipo Kiwayu, kisiwa chembamba ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka wa 1979.

Usalama kabla ya malipo

Suala la usalama halifai kufichwa. Mnamo Septemba 2011, watu waliojihami walivamia hoteli ya kitalii iliyoko bara, mkabala na Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka nyara mkewe. Mwezi uliofuata, mwanamke Mfaransa alitekwa nyara nyumbani kwake kisiwani Manda. Juni 2014, makumi ya watu waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na 2015 serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni katika msitu unaopakana na Somalia.

Tangu 2014 serikali imeweka kafyu ya usiku katika sehemu za Lamu kwa vipindi mbalimbali. Mji wa Lamu na Shela zimeendelea kupokea wageni, ilhali maeneo ya bara na yale yaliyo karibu na mpaka ndiyo yaliyoathirika zaidi.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza kuhusu kafyu, barabara na ruhusa ya vyombo kusafiri. Muulize mwenye nyumba, kisha umuulize mtu mwingine asiye na faida katika malipo yako: kampuni ya basi, ofisi ya utawala au jamaa anayeishi huko. Majibu yakikinzana, ahirisha. Familia inayokwenda kwa mara ya kwanza na watoto wadogo itafanya vyema kubaki katika kisiwa cha Lamu.

Kusoma upepo na mwezi

Likizo za shule nchini huangukia Aprili, Agosti na kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Januari. Baharini, miezi hiyo haina hali moja.

Aprili ndio mwanzo wa masika, na upepo wa kusi huanza kushika. Agosti mvua huwa imepungua, lakini kusi bado huvuma kwa nguvu na mawimbi ya bahari kuu huwa makubwa. Kati ya Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, bahari hutulia. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na hicho ndicho kipindi cha joto na cha wageni wengi. Nyumba za Desemba zapaswa kutafutwa miezi kadhaa mapema.

Anayelazimika kusafiri Agosti achague nyumba inayoelekea mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda, kwa kuwa maji ya hapo yamekingwa. Ufuo wa Shela umeelekea bahari kuu, na wakati wa kusi haufai mtoto kuogelea bila uangalizi wa karibu.

Maji kujaa na kupwa nayo yana uzito wake. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 25, kwa hivyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji yanayojaa mno na kupwa mno. Nusu ya mwezi huleta maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana.

Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, ndio njia ya ndani ya kwenda Pate na Kiwayu. Una kina kifupi, na bahari ikipwa vyombo hukwama. Nahodha asiyetaka kungoja hulazimika kuzunguka nje kupitia bahari kuu, jambo lisilopendeza wakati wa kusi. Ndiyo maana mashua za Pate hazina saa moja ya kuondoka kila siku. Leo zaweza kung'oa nanga asubuhi na wiki ijayo adhuhuri.

Msomaji aliye Lucky Summer anaweza kufanya hesabu hiyo akiwa nyumbani kwake. Atazame kalenda ya Kiislamu: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za karibu na 15 ni za bamvua, na zile za karibu na 8 na 22 ni za maji mafu. Kisha ampigie simu nahodha au mwenye nyumba amuulize, “Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?” Mwenyeji wa kweli atajibu bila kusita. Asiyejua, yamkini nyumba si yake.

Kuikagua nyumba kutoka mbali

Ulaghai wa nyumba za likizo hutumia picha za kuazima na malipo ya haraka ya simu. Omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, atembee kutoka mlangoni hadi darini. Linganisha jina linalotokea wakati wa kutuma pesa na jina la mtu unayezungumza naye. Uliza pia kama nyumba ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa kuwa nyumba za kukodisha wageni nazo zimo chini ya sheria ya utalii ya 2011. Lipa sehemu ndogo kwanza, nyingine ukifika, na mkubaliane kwa maandishi kitakachofanyika bahari au barabara ikifungwa.

Nyumba ya kale ya Lamu ina daka mlangoni, ua wa ndani unaoitwa kiwanda, vyumba virefu vyembamba na ngazi zenye mwinuko mkali. Ni nyumba yenye ubaridi mtamu, lakini mzee mwenye magoti mabovu au mtoto anayejifunza kutembea atapata taabu. Uliza idadi ya ngazi na kama dari lina ukuta wa kukinga.

Uliza pia kuhusu maji. Mji wa Lamu hutegemea visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Katika Pate na Kiwayu, wakazi wengi hutegemea mvua inayokusanywa katika jabia, na mwishoni mwa kiangazi huwa imepungua. Familia ya Lucky Summer iliyozoea mifereji kukauka na kununua maji kwa mitungi itaelewa upesi kwa nini mgeni haogi mara nne kwa siku.

Mengine ya kuuliza ni umeme unatoka wapi, kama mpishi amejumuishwa katika bei, kama kila kitanda kina chandarua, na hospitali iko umbali gani kwa mashua. Hospitali ya Faza huhudumia Pate, lakini mgonjwa mahututi huhitaji kuvushwa hadi Lamu, na hapo tena maji ndiyo huamua.

Safari yenyewe

Anayekwenda kwa treni si lazima apitie katikati ya jiji. Kutoka Lucky Summer hushika barabara ya Baba Dogo hadi Outer Ring, akapita Kariobangi na Donholm, kisha akaingia barabara ya Mombasa kuelekea stesheni ya Syokimau. Pia lipo treni la kuunganisha kutoka stesheni kuu ya jijini.

Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, humfikisha msafiri Miritini, Mombasa, kwa saa tano hadi sita. Tangu Januari 1, 2024 nauli ya daraja la kawaida ni Sh1,500 kwa mtu mzima, na daraja la kwanza ni Sh4,500. Watoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo watatumia Sh4,500 kwenda na Sh4,500 kurudi katika daraja la kawaida.

Kutoka Mombasa kuna takriban kilomita 340 hadi gati la Mokowe, kupitia Malindi, Garsen na Witu. Barabara ya Garsen hadi Lamu, iliyokuwa ya vumbi na matope, sasa ina lami. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 na tena 2024 mafuriko ya Mto Tana yalifunika sehemu zake na kukatiza usafiri. Safiri mchana, na vitambulisho viwe karibu kwa ajili ya vizuizi vya polisi. Anayeshuka treni alasiri alale Mombasa au Malindi, apande basi la alfajiri.

Kutoka Mokowe, boti ya mashine huvuka hadi mji wa Lamu kwa muda usiozidi nusu saa. Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu au dakika kumi kwa boti. Anayeendelea hadi Pate au Kiwayu alale Lamu usiku mmoja angojee maji.

Njia ya haraka ni ndege kutoka Wilson au JKIA hadi Manda. Nauli yake yaweza kumeza bajeti yote ya familia, na ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo. Hata huyo wa ndege hushuka Manda akapanda boti.

Katika chombo chochote, dai jaketi okozi kwa kila abiria, likiwemo la kumtosha mtoto, na ulivae kabla ya chombo kuondoka. Kikijaa kupita kiasi, shuka ungoje kingine. Nahodha akisema leo hakuendeki, usimsihi wala kumwongezea pesa.

Adabu za wenyeji

Visiwa vya Lamu ni vya Waislamu wengi. Nguo za kuogelea ni za ufuoni, si za sokoni. Piga hodi kabla ya kuingia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu, na ukisafiri Ramadhani usile hadharani mchana. Wakati wa Maulidi mji hufurika wageni na nyumba huadimika. Pia beba pesa taslimu za kutosha ukivuka Lamu kwenda visiwa vya mbali, ambako hakuna benki.

Mwishowe, panga safari yenye siku moja ya ziada kila upande. Asiyekuwa na siku hiyo ndiye anayemshurutisha nahodha kuondoka maji yakiwa machache au upepo ukiwa mkali, kwa kuwa Jumatatu anatakiwa kazini. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Ikiwa jirani yako wa Lucky Summer alifika Kiwayu bila tatizo Januari, huo ulikuwa upepo wake na mwezi wake. Wewe uliza vyako, na ukiambiwa ungoje, ngoja.