Mifereji ya Wamarakwet

Ukisimama Kitale ukatazama mashariki, ewe msomaji, utaiona milima ya Cherangani. Ng'ambo yake Wamarakwet walichimba mifereji zamani, kabla ya ukoloni, wakateremsha maji ya mito hadi mashamba ya bonde la Kerio. Saruji hawakuwa nayo; walijenga kwa mawe, magogo na matawi.

Kila mfereji ni mali ya ukoo au koo kadhaa. Wazee hugawa zamu za maji. Ukingo ukibomoka, wanaume huitwa kuujenga. Halipwi mtu mshahara, na asiyefika hutozwa faini. Aliye juu angeweza kumkaushia mwenziwe wa chini, lakini zamu humzuia. Basi ujue: kinachoudumisha mfereji si mawe, ni mapatano.