Mti, Ngozi na Jina: Chaguo la Mpiga Ngoma kutoka Vuga hadi Tanga

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumika kumsuta mtu mwenye choyo, anayepindisha jambo la wengi lielekee upande wake. Lakini kabla haijawa msuto ilikuwa habari ya kazi. Mwambaji huishika ngozi mbichi pembeni na kuivuta kuelekea kifuani mwake, na mvuto wake ndio utakaoamua ngoma italia vipi. Ngoma mbili zilizochongwa katika gogo moja na kuwambwa na watu wawili hazitatoa sauti moja. Hapo ndipo pa kuanzia historia ya mapenzi ya wapiga ngoma kwa vyombo vyao, kwani swali linaloulizwa leo kwenye kumbi za dansi na makanisani, kwamba dramu bora ni ya kampuni gani, ni swali la zamani lililovishwa nguo mpya.

Milima ya Usambara ina kila kilichohitajika kujibu swali hilo. Ina miti, ina mifugo, na ilikuwa na dola. Wakilindi, wanaomtaja Mbegha kuwa babu yao, waliweka makao yao makuu Vuga, si mbali na Lushoto ya leo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848, akarudi 1852, zama za Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake ilisikika kutoka milimani hadi mwambao wa Tanga na Pangani. Anayesoma Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ataona kwamba katika dola ile ngoma haikuwa pambo. Iliita watu, ikatangaza vita, ikatangaza mtawala. Ngoma ya namna hiyo haikujulikana kwa jina la aliyeichonga. Ilijulikana kwa kazi yake na kwa umbali ambao sauti yake ilifika, kutoka kilele hadi kilele, juu ya mabonde yaliyojaa ukungu.

Ukungu huo nao una sehemu yake katika habari hii. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na unyevu wake ni adui wa ngozi. Ngozi ikinywa maji hulegea, na ngoma iliyolegea hainguruma bali hunung'unika. Ndiyo maana mpiga ngoma wa mdumange, mchezo mashuhuri wa Washambaa, alihitaji moto kama alivyohitaji mikono. Ngoma huanikwa karibu na moto wa majani makavu, ngozi ikakauka na kukaza, mpigaji akaigonga kwa vidole na kuisikiliza, akaisogeza tena. Mapema mno sauti ni nzito. Ukichelewa, ngozi hupasuka. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa sikioni.

Mti nao huchaguliwa kwa sikio. Mchongaji hutafuta gogo lenye nyama laini kiasi cha kuchimbika, lakini lisilopasuka linapokauka. Mringaringa, unaoota pia Usambara, una sifa hizo. Waganda huupenda sana kwa ngoma, na kwa Kinyankole jina lake, mujugangoma, limebeba neno lenyewe la ngoma. Mti huohuo huchongwa mizinga ya nyuki. Si ajabu, basi, kwamba Kiswahili kimelifanya neno mzinga kuwa la nyuki, la baruti na la kiwiliwili cha ngoma: chochote kilicho wazi ndani na chenye mngurumo.

Mwishoni mwa karne ya 19 milima hii ilianza kutoa miti na kupokea ngoma. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi 1911. Huko Shume walitandika kamba ya chuma ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara, penye reli. Mkulo, ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la Usambara katika Kilatini chao, ulikatwa kwa wingi ukawa mbao na samani. Njia iliyoshusha mbao ndiyo iliyofungua mlango kwa vyombo vya kigeni. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya tarumbeta za shaba, na katika bendi hiyo vijana wa pwani waliizoea ngoma ya namna nyingine: mzinga mpana na mfupi, ngozi pande mbili, na vyuma vya kukazia badala ya kamba na moto.

Pwani iliipokea ngoma hiyo kwa namna yake. Beni, iliyoanza katika mwambao wa Kenya miaka ya 1890, ilichukua gwaride la Mzungu ikaligeuza kuwa mashindano ya mitaa, kama watu wa Lamu na Mombasa walivyokuwa wakishindana kwa mashairi na ngoma tangu zamani. Tanganyika ikapata Marini na Arinoti, na Vita Kuu ya kwanza ikavisambaza vyama hivyo mikononi mwa askari na wapagazi hadi Nyasa na Kongo. Katika beni ngoma kubwa ya kigeni ilikuwa ushahidi wa hadhi: chama chenye nayo kilimtazama kwa dharau asiye nayo. Hapa kwa mara ya kwanza mpiga ngoma wa pwani alianza kuchagua chombo kwa sababu ya kule kilikotoka. Hata hivyo sikio halikuhama. Gwaride lilitaka mguu wa kushoto na wa kulia tu. Beni ililirudisha pigo kwenye viuno na mabega, na kilichotakiwa kwa ngoma ya Ulaya kilikuwa kilekile kilichotakiwa kwa vumi na chapuo: mmoja avume, mwingine amjibu.

Wakati huohuo, mbali na pwani hii, mtu mmoja alikuwa anajifunza kupiga ngoma tatu peke yake. Jambo lililowezesha hilo ni dogo: pedali. William Ludwig na nduguye Theobald, waliofungua kiwanda chao Chicago mwaka 1909, walitengeneza pedali ya kupigia ngoma kubwa kwa mguu, na mikono ikabaki huru. Kutokana na hapo ilizaliwa dramu kama ijulikanavyo leo. Premier ilianzishwa London 1922, na hao ndio waliotengeneza pia ngoma za bendi za kijeshi za Waingereza. Matoazi yalikuwa na ukoo mkongwe kuliko wote: jina la Zildjian linatoka Istanbul, mwaka 1623, kwa fundi Muarmenia wa zama za Wauthmani, na kiwanda chao kilihamia Marekani 1929.

Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Mwaka uliofuata sahani za GV zikaanza kuleta sauti za Kuba katika bandari za Afrika, na tumba ikapata makao. Kufikia miaka ya 1960 Tanga, mji wa mkonge ulio chini ya milima, ulikuwa mmoja wa miji yenye muziki mtamu kuliko yote Afrika Mashariki. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilishindana kwa gitaa, na katika Jamhuri walipita ndugu wa Kinyonga waliokuja kuunda Simba Wanyika. Black Star Musical Club na Lucky Star nazo ziliivuta taarabu kutoka kwenye ukumbi wa kukaa na kusikiliza, zikaipa gitaa, besi, bongo na mwendo wa chakacha. Kwa mpenzi wa mashairi hili si jambo dogo. Mizani za wimbo, ambazo msomaji huzihesabu kwa macho, mpiga bongo wa Tanga alizihesabu kwa vidole, na mshororo uliopungua silabi moja ulimdhihirikia kabla haujamdhihirikia mhakiki.

Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa Beatles alionekana na mamilioni ya Wamarekani kwenye televisheni akipiga dramu za Ludwig, jina la mtengenezaji likiwa limeandikwa mbele ya ngoma kubwa. Biashara ya Ludwig ilipanda kwa kishindo. Masimulizi yanayojulikana husema kwamba Ringo aliichagua seti hiyo dukani London kwa kuvutiwa na rangi yake. Yaani chaguo lililotangaza jina la kampuni duniani kuliko yote lilifanywa na jicho, si sikio.

Mwaka huohuo wa 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Ilikuwa mfano wa utaratibu uliotawala kwa miongo miwili: vyombo vilikuwa mali ya chama, jumuiya, shirika au jeshi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin zilikuwa adimu zaidi. Kuagiza dramu lilikuwa jambo la vibali. Kwa hiyo mpiga dramu wa enzi hiyo hakuulizwa anapenda jina gani. Alipewa kilichopo, na kilichopo kikipasuka, alitafuta ngozi.

Kwa maana hiyo ujuzi wa zamani haukufa mara moja, ingawa mshindani wake alikuwa amekwisha kuzaliwa. Mwaka 1957 Remo Belli wa Marekani alianza kuuza viwambo vya plastiki, na Chick Evans alikuwa katika njia hiyohiyo. Plastiki hainywi ukungu. Kwa mpigaji wa Lushoto au wa Tanga wakati wa masika, hiyo ni rehema ya kweli, wala hakuna haja ya kumlaumu anayeichagua. Lakini kwa kuwa haihitaji moto, haihitaji pia yule kijana aliyekaa kando ya moto akajifunza kusikiliza. Chombo kilipata uthabiti, sikio likapoteza shule yake.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, uchaguzi ulirudi, na majina ya Kijapani, Pearl, Yamaha na Tama, yakazoeleka. Sasa wapigaji hujadiliana: mzinga wa mepo una sauti ya mviringo na ya joto, wa betula hukata kwa ukali na kunyamaza upesi. Ni majadiliano yenye maana, na mwambaji wa Vuga angeyaelewa, maana kiini chake ni mti na nyama yake. Asingeelewa tu kwa nini yaishie kwenye jina la kiwanda, wala kwa nini miti inayotajwa yote iwe ya nchi za theluji, ilhali milima inayoonekana dirishani ilikuwa na miti yake. Sehemu ya misitu hiyo, kama Magamba juu ya Lushoto, leo inalindwa kisheria. Ulinzi huo ni wa haki, lakini unawahusu mchongaji na msumeno kwa pamoja, na msumeno ndio uliokula kwanza.

Lipo jambo moja la kufariji, nalo limo katika majina. NUTA Jazz ilibadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na chama kilipojitenga nayo ilibaki na jina ambalo wapenzi walikwisha kuipa: Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu ya kusimama. Hasimu wake mkubwa, Mlimani Park Orchestra iliyoanza 1978, alijiita Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Bendi mbili zenye gitaa za umeme na dramu za ng'ambo, zilipotaka watu wazijue, hazikujivunia maandishi yaliyobandikwa kwenye mzinga. Zilijiita kwa ngoma ambazo pengine hazikuwamo jukwaani, lakini zilikuwamo masikioni mwa waliokuja kucheza. Kiwanda huuza mzinga na kiwambo. Mvuto wa ngozi bado ni wa mwambaji, na kijana wa Lushoto anayekaza vyuma vya dramu yake leo bado anavutia kwake, ikiwa atakumbuka kugonga kwanza na kusikiliza.